Sifa za Amri Inayolala

Wapambe wa kompyuta huzisifu programu zinazokimbia. Leo nimsifu mvivu. Kwenye mashine za Unix na Linux kuna amri iitwayo sleep, na kazi yake yote ni kulala. Unaipa namba, inalala sekunde hizo, inaamka, inaondoka bila neno. Haisomi faili, haiandiki faili, haiombi posho. Wapo wakubwa wenye gari na dereva wasiotimiza hata hayo.

Sasa mtazame katibu wa chama cha ushirika mwenye barua pepe 1,200 za kuwaita wanachama kwenye mkutano mkuu. Ameandika mistari michache: soma anwani, tuma, rudia. Mvivu wetu asipowekwa katikati, barua zote zinamwagika kwa mkupuo mmoja. Seva ya upande wa pili inashtuka na kujibu 421: kwa sasa hapana, rudi baadaye. Majibu yanayoanza na 4 yana adabu, yanakuomba usubiri tu. Yanayoanza na 5 hayana baadaye. Na mabaya zaidi, katibu hana habari: amri ya kutuma ikishaikabidhi barua kwenye foleni hujihesabu imemaliza, na lawama zote huandikwa kwenye faili la kumbukumbu ambalo yeye hajawahi kulifungua.

Ongeza neno moja na tarakimu moja: sleep 3. Barua 1,200 kwa sekunde tatu tatu ni saa nzima. Saa nzima ya kutofanya kitu, tena kwa bidii! Katibu anakunywa chai, na seva ya mbali inamwona mstaarabu.

Washindani hawakosekani. Postfix, programu ya seva ya kutuma barua pepe, ina kipimo chake, default_destination_rate_delay, kinachozipa nafasi barua ziendazo mahali pamoja huku za kwingine zikiendelea na safari. Ni werevu, na kwa orodha kubwa ndio njia sahihi. Lakini sleep humchelewesha kila mtu sawasawa, hata ambaye seva yake haikulalamika. Usawa ulioje!

Kisha ipo Gmail ya bure, isiyoruhusu wapokeaji zaidi ya 500 kwa siku. Hapo ndipo mvivu anapotukuka: sleep 173, na kikomo hakivukwi kamwe. Barua ya mwisho itatoka keshokutwa usiku. Mkutano ni kesho.