Maelekezo kwa Mjuaji Aendaye Yiwu

Wewe China unaijua. Una fremu iliyojaa bidhaa zake Kariakoo, na kila chaja inaporudishwa imeungua humweleza mteja, kwa uso wa huruma, kwamba hizi ni za Mchina, hazina waranti. Sasa umepata viza na unakwenda kufuata mzigo mwenyewe. Soma haya kabla hujapanda ndege, maana wenyeji wako watakuwa na adabu mno kukusahihisha.

Wanaokwambia Yiwu, mkoani Zhejiang, ni mji mdogo, wanaulinganisha na Shanghai. Soko lake kuu lina vibanda vipatavyo 75,000. Ukisimama dakika tatu kwa kila kimoja, kwa muda wa saa nane kila siku, utatoka baada ya mwaka na ushei, viza imeshakwisha. Kwa hiyo usitangaze asubuhi kwamba utazunguka soko zima kisha ndipo uamue. Kuna upande wa soksi, upande wa vifungo na zipu, upande wa maua ya plastiki, na upande wa mapambo ya Krismasi, ambako miti huwaka taa mwezi Julai na wauzaji wengi hawajawahi kukanyaga kanisani.

Usiingie pia na dhana kwamba watu hawa walizaliwa na pesa, au kwamba serikali iliwajengea kila kitu wakiwa wamelala. Wazee wao walikuwa wamachinga. Walibeba sukari guru kwa mizega, wakipita vijijini wakitikisa vigoma, na kuibadilisha kwa manyoya ya kuku. Yaliyo mazuri yalifanywa vifagio vya kufutia vumbi, mabovu yakawa mbolea. Uchuuzi wao ulihesabiwa kuwa ubepari, na aliyekamatwa aliweza kunyang'anywa mzigo. Mgambo unawajua, huhitaji kusimuliwa. Mwaka 1982, miaka minne baada ya Deng Xiaoping kuanzisha mageuzi, mchuuzi mmoja mwanamke alimkabili katibu wa chama wa wilaya, Xie Gaohua, akamtolea malalamiko yake. Mwaka huohuo katibu akaruhusu soko lifunguliwe. Mama aliyeshika kikokotoo mbele yako ametoka huko, na wewe ndiye unayetaka kumfundisha biashara.

Tufike kwenye bei. Utaandika tarakimu zako kwenye kikokotoo, naye ataandika zake. Utaguna, utaondoka hatua tatu, utageuka. Hajakuita. Akikuita, ndipo uogope, kwa kuwa ameshapata njia ya kuifikia bei yako: waya utakuwa mwembamba zaidi na plastiki itachanganywa na iliyokwisha kutumika. Wala hakufichi. Atakuuliza waziwazi unataka daraja lipi. Mnunuzi makini hujibu kwa karatasi ya vipimo. Wewe utajibu, "La bei rahisi," kisha ukirudi nyumbani utalaumu taifa la watu bilioni moja na milioni mia nne. Simu nzuri unayoificha ukipanda daladala huenda iliunganishwa nchi hiyohiyo, na mikono ya aina ileile. Tofauti ni nani aliyetoa oda.

Majigambo ya M-Pesa yaache uwanja wa ndege. Hata muuza viazi vitamu vya kuchoma ana kibandiko chake cha QR. Noti yako ya yuan 100 ataipokea, kwani sheria haimruhusu kuikataa, halafu mtasimama pamoja barabarani mkitafuta chenji. Unganisha kadi yako na Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani, laini yako inapopokea ujumbe bila matatizo.

Ukialikwa chakula, usitoe pochi kugawana bili. Mwenyeji wako atapigana na yeyote atakayemtangulia kulipa. Maji yatakuja ya moto. Pombe nyeupe, ikija, ni kali kuliko inavyonuka, kwa hiyo anayetumia dawa aseme mapema.

La mwisho ni kalenda, na hapa ndipo pesa za watu zinapolala. Mwaka Mpya wao huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa, wafanyakazi hurudi mikoani kwao kwa mamia ya mamilioni ya safari, na wengine hawarudi kabisa. Idadi ya watu nchini ilianza kupungua mwaka 2022, na kijana wa leo huona afadhali kusambaza chakula kwa pikipiki ya umeme kuliko kushinda amesimama kwenye mstari wa kuunganisha feni. Ndiyo maana bei ya mwaka juzi, uliyokwenda nayo mfukoni imeandikwa kwenye karatasi, haipo. Weka oda kabla ya Novemba, lipa asilimia thelathini, na salio usilitoe hadi mtu wako ameufungua mzigo ghalani. Na mkesha wa sikukuu usimpigie simu meneja wa kiwanda kuuliza kontena limefika wapi. Yuko kwenye treni kuelekea kwao, na mama yake anataka kujua ataoa lini.