Waraka kwa Waheshimiwa wa Kinshasa

Waheshimiwa,

Mwaka 2023 mama yetu Julienne Lusenge, mwanzilishi mwenza wa shirika la wanawake la SOFEPADI, alitunukiwa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Sina shaka nanyi mlifurahi. Mna haki ya kufurahi, maana kazi anayoifanya na wenzake ni yenu: kumfikisha aliyebakwa kwa daktari kabla saa 72 hazijapita, kumtafutia wakili, kumlipia pikipiki hadi mahakamani, na akishatoa ushahidi, kumtafutia pa kulala ambapo askari hatapajua.

Nisije nikaonekana mtovu wa shukrani, nitaanza na lililo jema. Fizi ilivamiwa na wanajeshi wetu wenyewe siku ya mwaka mpya, 2011. Tarehe 21 Februari mahakama ya kijeshi iliyokaa Baraka ilikwisha kumhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, miaka 20 jela. Haikufika hata miezi 2! Dola nayo iliamriwa iwalipe fidia wanawake waliobakwa. Hapo mwendo ulibadilika. Miaka ikapita, fidia haikuonekana.

Minova hatukupata hata hicho cha kushangilia. Wanawake walipanda kizimbani wamefunikwa gubigubi, wasitambulike, wakaeleza jinsi wanajeshi walivyowabaka Novemba 2012. Washtakiwa walikuwa 39. Mei 2014, waliopatikana na hatia ya ubakaji walikuwa 2. Maofisa wakubwa, kwa bahati yao, hawakuhusika na lolote.

Ila kuna jambo moja ningependa mnifafanulie taratibu, maana shule yangu ni ndogo. Mwanamke aliyeshinda kesi dhidi ya dola, akitaka hukumu itekelezwe, anatakiwa kwanza ailipe dola hiyohiyo ada, asilimia ya fidia ambayo hajaipata. Asipoweza, alete cheti cha ufukara. Kwa hiyo mliyeshindwa kumlinda ndiye anayezunguka ofisini kwenu kuomba muhuri wa kuthibitisha kwamba hana kitu. Na anayemsindikiza ofisi hadi ofisi ni nani? Ni wale akina mama wa tuzo.

Mtanijibu kwamba sasa upo FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga uliozaliwa na sheria ya Desemba 2022, na kwamba hulishwa na asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Najua, na hongereni. Kobalti haijawahi kuombwa cheti.

Ombi langu ni dogo. Futeni ada hiyo kwa wahanga wa vita wote, bila cheti. Kisha tangazeni hukumu zote ambazo dola iliamriwa kulipa na haijalipa, mwaka kwa mwaka, mahakama kwa mahakama. Kama mafaili yamepotea, msihangaike kuunda tume. Waulizeni akina mama, nakala wanazo.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi wa Kivu