Heko, Bwana Mpauko

Washairi wamelisifu waridi, wakaisifu bahari, wakakisifu hata kikombe cha kahawa. Bwana Mpauko hajapata wa kumtetea, ilhali Njombe na Makete hakuna mgeni mwaminifu kuliko yeye. Kipupwe kikiingia mwezi Juni, naye huyo mlangoni. Hasubiri mwaliko, wala haondoki kwa pupa: Septemba jua linarudi, makoti ya mitumba yanavuliwa, yeye bado yuko miguuni anaaga.

Kwanza, habagui. Mkulima wa viazi wa Kitulo, dereva wa lori la mbao na mheshimiwa aliyepanda juzi kutoka Dar es Salaam, wote huwavisha rangi moja ya majivu. Kodi yenyewe haijawahi kukusanywa kwa usawa wa namna hiyo.

Pili, ni mfadhili wa elimu. Mtoto aliyesahau daftari nyumbani hufunua paja, akachora kwa ukucha, na jibu la saba mara nane likasomeka jeupe pepepe. Kufutia ni mate tu.

Tatu, hali rushwa. Mtu anaweza kuapa kwamba kajipaka mafuta tangu alfajiri, lakini magaga ya kisigino yatatoa ushahidi mbele ya wakwe.

Nasi wenyeji wake tumemkirimu vilivyo. Hewa ya baridi huwa na mvuke kidogo, hivyo hunyonya unyevu wa ngozi. Sisi tukaona kazi hiyo isimwelemee peke yake. Tunaota moto wa mkaa mpaka miundi inababuka, tunaoga maji yanayofaa kunyonyolea kuku, tena kwa sabuni ya kufulia, ili mafuta ya asili yasibaki hata tone. Tukimaliza, tunailaumu hali ya hewa.

Maadui hakosi. Silaha zao ni duni hata kuzitaja ni aibu: maji ya uvuguvugu, kuoga bila kukawia, dodoki laini mara moja au mbili kwa wiki kuondoa ngozi iliyokufa, kisha mafuta ya mgando mwili ukiwa bado na majimaji, ili unyevu ufungiwe ndani. Mafuta hayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, na tangu hapo Bwana Mpauko hana usingizi. Hata ngozi yenyewe humsaliti, maana tabaka lake la juu hujibadilisha taratibu, kwa kijana mwenye afya takribani kila wiki nne.

Lakini wapo wasioweza kungoja wiki nne. Hao hukimbilia mkorogo, wajitokeze kwenye harusi za Septemba wakiwa na uso wa rangi moja na vifundo vya vidole vya rangi nyingine. Hapo ndipo ustaarabu wa Bwana Mpauko unapoonekana: yeye huishia juu ya ngozi, lakini zebaki ya baadhi ya krimu hizo huingia mwilini ikaharibu figo.

Basi, ndugu msomaji, kipupwe kimekwisha, chagua. Nunua mafuta ya mgando na uwe na subira, au uendelee kupauka kwa heshima zako zote. Huo mkorogo mwachie muuzaji.