Jinsi ya Kusikia Waya: Mwongozo kwa Mkazi wa Mbuya

Kwanza hakikisha unaishi upande wa juu wa kilima hiki cha Kampala. Waya wa spika wa bei mbaya haustawi Kinawataka. Huko bondeni kijana anayekaanga rolex, yaani chapati na mayai, kando ya barabara ana spika moja kubwa, imefungwa kwa waya uliokatwa kwenye pasi mbovu, na wimbo wake unausikia neno kwa neno ukiwa bado mbali. Mtu mwenye ushahidi wa namna hiyo mlangoni hawezi kuamini sawasawa. Panda juu, karibu na ukuta wa kambi ya jeshi, penye mageti ya chuma na mbwa wenye majina ya Kizungu, ndipo uanze.

Ukienda mjini kununua, mkwepe fundi redio. Atakuuliza swali baya: “Mzee, spika zako ziko mbali kiasi gani?” Kisha atakukatia waya wa milimita mbili na nusu za mraba, unene uleule wa waya wa soketi za nyumba, na atakurudishia chenji. Ukiona chenji, ujue umekosea mlango.

Kosa la fundi ni kupenda hesabu. Mita tatu za waya huo wa shaba kwenda na tatu kurudi zina ukinzani wa takriban omu 0.04, wakati spika yenyewe ni omu 8. Sauti inayopotea njiani haifiki hata nusu ya sehemu ya kumi ya desibeli. Ukiacha shaba ukanunua fedha tupu, ambayo hupitisha umeme vizuri zaidi kwa asilimia 6 hivi, utakuwa umeokoa omu 0.002. Usiziandike namba hizi mahali mama watoto anapoweza kuziona. Na usije ukazilinganisha na kelele za mtaa. Kanuni za kelele za Uganda za mwaka 2003 ziliweka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa nyumba za kuishi, na hakuna jenereta Mbuya iliyowahi kuzisoma.

Muuzaji anayefaa haulizi urefu. Yeye huongea habari za “hewa” kati ya ala na ala, na “weusi” wa kimya. Atakuwekea Afrigo, bendi iliyoanza 1975, aseme kwamba sasa unaweza kumsikia Moses Matovu akivuta pumzi kabla ya kupuliza saksofoni. Na kweli utamsikia. Hata kwenye waya wako wa zamani alikuwa akiivuta pumzi hiyo, ila hukuwa umelipa kumsikiliza.

Akitaja bei, usishtuke. Hadi miaka ya 1970 watu duniani kote walifunga spika kwa waya wa taa, wakalala usingizi mzuri. Mwaka 1979 Mmarekani Noel Lee akaanzisha Monster Cable, akathibitisha kwamba mtu aliyenunua amplifaya ya maelfu ya dola huona haya kuifunga kwa waya wa senti. Waya ukanenepa, ukavishwa koti, ukapewa boksi lenye kitambaa ndani. Kufikia 2007 kampuni ya Pear Cable ilikuwa ikiuza nyaya za spika ziitwazo Anjou, jozi ya futi 12, kwa dola 7,250. Kwa kiwango cha leo hizo ni kama shilingi milioni 25 za Uganda. Ukizilinganisha na hizo, za kwako ni za bure. Sentensi hii ikariri njiani ukirudi nyumbani.

Ukitaka kumzidi muuzaji maneno, muulize shaba yake imetoka mgodi gani. Hapo mtu wa Mbuya ana bahati ambayo London hawana. Kuanzia 1956 shaba ya Kilembe, chini ya Rwenzori, ilipakiwa kwenye treni Kasese, ikavuka Kampala, ikapita Nakawa hapa chini ya kilima, hadi Jinja kwenda kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Sema kwamba shaba iliyopita mbele ya nyumba yako inaujua muziki wa nyumbani. Mgodi ulifungwa zamani, kwa hiyo hakuna atakayekuletea kipande cha kupimia.

Utakuta waya umechorwa mshale. Ufuate. Ni kweli kwamba mkondo wa muziki huenda na kurudi, na noti nzito ya besi hugeuza mwelekeo makumi ya mara kwa sekunde, kwa hiyo nusu ya muziki wako itakuwa inapita kinyume cha mshale. Hiyo ndiyo nusu usiyoipenda.

Kisha kuna waya wa kuchomeka ukutani, na huu ndio mtihani halisi wa imani. Umeme unatoka Jinja, unasafiri kilomita 80 hivi kwenye nyaya za alumini zinazonyeshewa mvua, unafika mtaani kwenye nguzo zinazokaliwa na ndege kaloli, unapita transfoma, mita ya Yaka ya kulipia kabla, na waya uliochimbiwa ukutani na fundi aliyekuwa akiwahi kazi nyingine. Halafu mita moja na nusu ya mwisho, uliyoinunua wewe, inausafisha wote.

Usiwashe ukatarajia makubwa siku hiyohiyo. Waya mpya lazima “uive”, na saa zinazotajwa sana ni 200, yaani siku nane na zaidi, usiku na mchana. Yuniti za Yaka zitakwisha kabla ya hapo. Zikikwisha, anza kuhesabu upya, hasa kama muda wa kurudisha bidhaa dukani unakaribia kupita.

Sasa siri kubwa ya mwongozo huu, ambayo wengi huiharibu kwa kupenda usafi. Kabla ya kubadilisha waya, usisafishe chochote. Acha kutu ikae kwenye vishikizo vya nyuma ya spika. Kama spika moja imefungwa nyekundu kwenye nyeusi, iache hivyohivyo: koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi inakufa, nawe umeizoea. Siku ya waya mpya utakwangua kutu, utakaza skrubu, utaangalia rangi. Besi itarudi, na sifa zote zitakwenda kwa waya. Ukiyafanya haya siku moja kabla, utabaki na sauti nzuri na huna cha kununua.

Waya wa zamani ukiukwangua kwa kisu na kukuta weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ukinzani wake mkubwa zaidi, na ukiwa mwembamba na mrefu kweli unafaa kutupwa. Nalitaja haraka kwa sababu dawa yake anayo yule fundi wa chenji.

Chumba usikiguse. Sakafu ya vigae, madirisha ya vioo bila pazia, na grili zinazotetemeka kila ngoma ikipigwa, vyote viache. Mkeka mmoja na pazia zito vingebadilisha sauti kuliko waya wowote utakaoununua, na ndiyo maana havifai: mgeni hawezi kukuuliza umepata wapi mkeka.

Wageni nao wana utaratibu wao. Waambie bei kwanza, muziki baadaye. Waya wa zamani uchezeshe kwa sauti ya chini kidogo, mpya ongeza kidogo tu, kwa sababu sikio hulipenda linalosikika zaidi na huliita safi zaidi. Usimwalike mwanajeshi mstaafu. Utamuuliza, “Afande, unasikia tofauti?” naye atajibu, “Nasikia jenereta.”

La mwisho ni jaribio la kufumba macho, na hilo likwepe kama fundi. Mwaka huohuo wa 2007 mwanamazingaombwe James Randi aliahidi dola milioni moja kwa yeyote atakayetofautisha Anjou na waya wa kawaida bila kuona ni upi unaocheza. Mhakiki mmoja alijitokeza, kampuni ikajitoa, jaribio halikufanyika. Fuata mfano wa kampuni. Lakini kama una mpwa anayesoma Makerere, atataka kulifanya likizo ikifika. Ataenda nyuma ya kabati la redio, atasema “Tayari, mjomba,” nawe utaeleza jinsi sauti ilivyofunguka; atasema tena “Tayari,” nawe utasikitika jinsi ilivyojifunga. Mpe soda, mshukuru, na usimuulize kama kuna waya aliougusa.