Hodi Iliyobishwa kutoka Ndani

Kaskazini kabisa ya dunia, mahali ambapo barafu hutanda juu ya bahari mwaka mzima na jua hutoweka kwa miezi kadhaa kama mdeni aliyesikia sauti ya mdai wake, pana safu ya milima iliyozama, iitwayo Langseth, ambayo vilele vyake viko mamia ya mita chini ya maji, na maji yenyewe yana baridi ya karibu na nyuzi sifuri. Juu ya vilele hivyo, penye giza na uhaba wa riziki, ambapo mtu mwenye akili timamu angetazamia kukuta mawe matupu, wamejaa sifongo, wakubwa kwa wadogo, wamekaa bega kwa bega kama waalikwa katika karamu ambayo mwenyeji wake haonekani. Wataalamu waliofika huko mwaka 2016 kwa meli ya Kijerumani iitwayo Polarstern, chini ya uongozi wa Bibi Antje Boetius, walistaajabu, kisha wakauliza swali ambalo jirani yeyote mwenye kijicho angeliuliza: hawa wanakula nini?

Mazungumzo yafuatayo yalipita juu ya kilele kimojawapo. Wasemaji walikuwa watatu. Wa kwanza ni Bi. Sifongo, wa ukoo wa Geodia hentscheli, mwenye umri wa miaka 300, ambao kwa wakazi wa pale si uzee, ni umri wa kadiri. Wa pili ni Karani, kijidudu asiyeonekana kwa macho, akaaye ndani ya mwili wa bibi huyo pamoja na wenziwe wasio idadi. Wa tatu ni Mzee Mrija, gamba tupu la mnyoo aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, ambaye Bi. Sifongo amemkalia kama mtu akaliavyo mkeka. Msomaji asiniulize habari za wanadamu huwafikiaje huko chini. Hapana mtaa usiofikiwa na habari za watu.

BI. SIFONGO: Karne tatu nimeketi hapa wala sijamwomba jirani chumvi. Nilianza kama punje ya mtama, na leo nimekuwa pande la mwili la kukumbatiwa kwa mikono miwili. Sina kinywa lakini nashiba, sina moyo lakini nasukuma maji pasipo kuchoka, sina miguu lakini nimetembea, na nyayo zangu, ambazo wanadamu wamezipiga picha, ni shahidi wangu. Yote hayo nimeyapata kwa juhudi yangu mwenyewe.

(Habari ya nyayo ni ya kweli. Sifongo wa milima ile hujikokota polepole mno, na kila wapitapo huacha nyuma mkeka wa sindano ngumu mfano wa kioo, zilizong'oka miilini mwao, hata mtu aweza kusema kwamba mwendo wao ni wa kujimwaga.)

KARANI: Hodi.

BI. SIFONGO: Nani? Mlangoni hapana mtu.

KARANI: Sipo mlangoni, bibi. Nimo ndani.

BI. SIFONGO: Ajabu hii! Hodi hubishwa na aliye nje akitaka kuingia. Aliye ndani akibisha hodi, ataka nini?

KARANI: Ataka ijulikane kuwa yumo.

BI. SIFONGO: Kumbe ni mmoja wa wale wadogo wadogo walioniingia pamoja na maji. Nimewastahamilia kwa ukarimu wa nyumba yetu, na malipo ya ukarimu ndiyo haya, kukatizwa maneno.

KARANI: Walioingia na maji, bibi, ni wale uwalao. Sisi ukoo wetu ni mbali, na kila walipotupima pamoja na maji yaliyokuzunguka wamekuta kwamba umati wa ndani si umati wa nje. Aghalabu jamaa zako huwapa wana wao wapangaji tangu yaini, kama mama ampavyo binti yake vyombo vya kuanzia maisha. Na kwa kuwa umetaja juhudi yako mwenyewe, naomba ruhusa nitaje hesabu kidogo. Katika sifongo wa namna yako, vijidudu hufika theluthi ya mwili mzima, na pengine huzidi. Kipande chako cha gramu moja huweza kuwa na watu wa jamii yangu kadiri ya bilioni moja. Kwa hivyo kila utamkapo neno “mimi”, theluthi ya neno hilo ni yetu, nasi hatujapata kuulizwa kama twaafiki maneno yanayofuata.

BI. SIFONGO: Hesabu ni silaha ya wasio na nasaba. Mimi najulikana kwa jina na ukoo. Nyinyi mwaitwaje?

KARANI: Wengi wetu hatujapata jina, kwa sababu tukitiwa katika sahani za maabara twakataa kuota, na mwanadamu hamwiti kwa jina asiyemfuga. Lakini mwaka 2004 taifa zima la wenzetu, walioonekana kwanza ndani ya sifongo, lilipewa jina la Poribacteria, yaani bakteria wa wenye vitundu, na wenye vitundu ni nyinyi. Siku waliyojulikana, bibi, ndiyo siku waliyoitwa kwa jina la mwenye nyumba.

BI. SIFONGO: Na ndivyo ipasavyo. Nani awasukumiaye maji? Nani awaleteaye hewa? Nikiudhika nikaacha kusukuma, mtaishi kwa nini?

KARANI: Umekwisha kuacha mara nyingi, nasi tupo. Jamaa yako wa pwani ya Norwei, Geodia barretti, amechunguzwa katika jambo hilo hilo. Akiacha kusukuma, hewa safi hutoweka mwilini mwake kwa muda wa dakika. Wenzetu waitakao hewa hupumzika, na wale wasioihitaji huamka wakashika zamu. Na ile amonia, taka ya mwili wako, ambayo ungekaa nayo ingekudhuru, huondolewa na nani? Mimi huichukua nikaigeuza naitriti, jirani yangu huipokea akaifanya naitreti, na wale wa zamu ya pili huimalizia ikawa naitrojeni, ikaenda zake baharini isimdhuru mtu. Mjini wangetuita matopasi. Wewe umelala ukidhani nyumba inajisafisha.

BI. SIFONGO: Topasi hulipwa mshahara, na mpangaji hulipa kodi. Kwa kuwa nyinyi ni yote mawili, tumekwisha lipana.

KARANI: Kodi twalipa kwa miili yetu. Huyo huyo jamaa yako wa Norwei alipimwa chakula kimwingiacho na taka zimtokazo, na makala iliyotoka mwaka 2018 ikaonyesha kwamba hesabu haikai sawa ila ikikubaliwa kuwa bibi yule huwameza wapangaji wake mwenyewe. Mwenye nyumba apandishaye kodi nimemsikia. Apandishaye mpangaji sahanini ni wa kwenu tu.

BI. SIFONGO: Hiyo ni habari ya Norwei. Hapa bado hatujapimwa.

Jibu hili, ambalo msomaji huenda amekwisha lisikia kwa viongozi wa nchi kavu, lingetosha kuufunga mjadala, lakini palepale likatokea jambo lisilotazamiwa, nalo ni kwamba mkeka ulisema.

MRIJA: Bibi, shikamoo hukunipa tangu uzaliwe, nami siidai. Ila umesema hukumwomba jirani chumvi. Hiyo ni kweli, kwa kuwa mtu haombi anapokula bila kuuliza.

BI. SIFONGO: Mzee, mimi hula kinachoshuka kutoka juu.

MRIJA: Kinachoshuka kutoka juu! Juu kuna barafu, na chini ya barafu mwanga ni haba, na penye mwanga haba mimea ya bahari ni haba. Vumbi la riziki linaloteremka mpaka hapa halimtoshi hata kiti cha pweza, sembuse umati wenu. Sikiliza. Zamani mlima huu ulikuwa na moto tumboni, na katika nyufa zake zilitoka hewa na maji yenye vitu ambavyo wengine huviona sumu na wengine huviona chakula. Marehemu mwenyewe wangu aliishi hapa na kabila lake lote, kila mmoja ndani ya mrija wake, mpaka siku mlima ulipopoa na nyufa zikanyamaza. Walikufa wote. Iliyobaki ni mirija, na mabaki yaliyochanganyika na tope. Miaka elfu nyingi ikapita, kisha mkaja nyinyi, mkakaa juu yetu, mkanenepa.

BI. SIFONGO: Nitakulaje, nawe u mkavu kama ukuti, na mimi sina hata jino?

KARANI: Hapo ndipo lilipo jina langu. Gamba la mzee huyu ni gumu, wala hapana tumbo la sifongo liwezalo kulifanya lolote. Lakini miongoni mwetu wamo wenye vimeng'enya vya kuyalainisha mabaki ya namna hiyo, wakayafanya chakula. Wataalamu walipima kaboni na naitrojeni ya mwili wako, wakaona kwamba alama zake zaelekea zaidi kwa huyu mzee uliyemkalia kuliko kwa hicho kishukacho kutoka juu.

Bi. Sifongo alinyamaza kwa muda ambao kwa kipimo cha kilele kile ulikuwa mfupi, na kwa kipimo chetu ungetosha mtu kupika wali na kuula. Nilidhani ameona haya. Nilikosea.

BI. SIFONGO: Mirathi! Kwa nini hamkusema mapema? Nimekuwa nikijisingizia kazi, kazi yenyewe ni sifa ya watu wa chini, kumbe mimi ni mrithi. Mali ya kale, shamba la wakfu, wahenga waliotangulia! Tangu leo sitasema tena habari ya juhudi.

MRIJA: Mrithi kwa nasaba ipi? Marehemu alikuwa mnyoo.

BI. SIFONGO: Mnyoo mtukufu.

MRIJA: Alikuwa mtukufu sana, hilo silikanushi. Alisimama wima, alikuwa na taji kichwani, na kila aliyepita alimsalimu. Lakini mimi nilimvaa maisha yake yote, nami namjua kama nguo imjuavyo mtu. Hakuwa na kinywa. Hakuwa na utumbo. Mwilini mwake alikuwa na chumba kilichojaa vijidudu, nao ndio waliozichukua zile hewa za mlimani wakazifanya chakula, wakamlisha mpaka siku ya kufa kwake. Hii mali uirithiyo, bibi, ilichumwa na wapangaji wa marehemu, na sasa inaliwa kwa mkono wa wapangaji wako. Katika safari yote hiyo mimi sijaona mwinyi hata mmoja aliyeshika jembe.

KARANI: Mzee, waliomlisha marehemu walikuwa wa ukoo gani? Tuwakumbuke kwa dua.

MRIJA: Hakupata kuwauliza.

BI. SIFONGO: Semeni mtakavyo. Mwaka 2016, taa ya meli iliposhuka pamoja na kamera yake, ikapita hapa juu ya vichwa vyetu, ilimpiga picha nani?

KARANI: Wewe, bibi.

BI. SIFONGO: Alionekana mmoja wenu?

KARANI: Hakuonekana.

BI. SIFONGO: Basi.

Mzee Mrija hakuongeza neno, maana muda wote huo alikuwa akiliwa. Makala ya wataalamu wale ilitoka mwezi wa Februari mwaka 2022 katika jarida la Nature Communications, na atakayeisoma mpaka ndani ataikuta kazi ya vijidudu imeelezwa kwa urefu na kwa heshima. Anwani yake imetaja sifongo, na ukubwa wao, imetaja milima, imetaja na viumbe vya kale ambavyo vimekwisha kufa. Vijidudu hawakutajwa.