Bei ya Pombe, Kichwa cha Juisi

Jamani, nani aliwaambia watoto wa siku hizi kwamba juisi ya ndimu ina kasoro? Kijana wangu wa chuo kaja likizo na chupa. Ukiiona, jini kabisa. Eti haina kilevi, tutatengeneza mokteli. Nikauliza bei. Nikakaa chini. Hela ile ni tenga la machungwa ya Muheza, na chenji inabaki.

Akaanza kunisomesha. Maganda ya machungwa, iliki, tangawizi, vinachemshwa kwenye pombe, mvuke unakusanywa, kilevi kinatolewa. Waingereza wametamba na chupa hizi tangu 2015, ilipotoka chapa ya Seedlip. Sawa. Iliki imejaa Kariakoo, tangawizi imejaa Kariakoo, lakini mimi ninunue iliyochemshiwa Ulaya!

Kukamua nikapewa mimi. Nabiringisha ndimu mezani zilainike, nakata, nakamua. Namenya ganda. "Baba, ile nyeupe acha, chungu!" Nalikunja ganda juu ya glasi litoe harufu, kama nilivyoagizwa. Mafuta yote yakanirukia jichoni. Hakuna aliyesema pole. Wanapima. Mililita 50 za chupa, 25 za ndimu, 15 za shira. Nyumba yenyewe haina kipimo, tukaazima kikombe cha dawa ya kikohozi cha mjukuu. Barafu nayo ililala friji moja na vibua, inanuka soko la samaki la Feri. Juu ikamiminwa toniki. Nikaonja. Chungu! Kumbe mle mna kwinini. Kwinini, ndugu yangu, na malaria sina! Mama watoto anasema tamu. Kwake kila cha mwanae kitamu.

Hapo hapo hodi, na mlango uko wazi. Mzee wa kanisa. Mimi nina bukta, jicho jekundu linatoa machozi, glasi mkononi, kipande cha ndimu kimepachikwa ukingoni. Akaitazama chupa. Akanitazama mimi.

"Shikamoo mzee, karibu."

"Marahaba. Nitapita siku nyingine, mwanangu."

Nikamkimbilia na chupa asome lebo. Hana miwani! Sasa nifikirie mimi, baba mzima, niko katikati ya mtaa napunga chupa napiga kelele, "Haina kilevi! Haina kilevi!" Muuza chipsi akanionea huruma: "Kanywe maji ulale, mzee." Bodaboda wakacheka mpaka wakasahau abiria.

Yaani nimelipa bei ya mlevi, nimepata jina la mlevi, na kichwa kikavu kabisa. Hata kizunguzungu cha kusingizia sina. Jumapili nakaa benchi la nyuma, na bado watu wananinusa.

Basi nisikilize mwenzio. Ndimu, sukari, chumvi kidogo, tangawizi ya kusaga, maji baridi. Imetosha. Na kama mwanao atakuzidi maneno ukainunua, mimina yote kwenye jagi la plastiki, chupa itie uvunguni, halafu ndiyo uitikie hodi.