Namna ya Kufundisha Muziki kwa Kompyuta Pale Mpofi

Mwalimu, kwanza tafuta kompyuta. Usisumbuke kuuliza imetoka nchi gani, maana yaweza kuwa mtoto wa hapahapa aliyekwenda ng'ambo akarudi na jina la Kizungu. Tantali iliyo tumboni mwake huenda ilichimbwa Rubaya, huko Masisi, mashariki mwa Kongo. Bati lililounganisha vipande vyake huenda ni la Bisie, Walikale. Miaka ya 2000 wabebaji walikuwa wakipita msituni kwa miguu kutoka Bisie hadi Njingala, gunia la kilo 50 mgongoni. Wewe unaletewa kilo mbili tu, tena zimefungwa vizuri kwenye sponji. Usilalamike.

Njia yake ni Goma, Sake, Masisi, Nyabiondo, kisha Mpofi. Ifunge kwenye pikipiki, katikati ya kitenge na gunia la chumvi. Kila kizuizi utaulizwa umebeba nini. Ukisema kompyuta, utalipa ya kompyuta. Sema ni nyimbo za kanisa. Si uongo: ikishawashwa, ndizo zitakazokuwamo.

Kuiwasha, basi. Mwaka 2005, mjini Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha kompyuta ndogo ya watoto wa nchi maskini, ya dola 100, yenye mpini wa kuzungusha ili ijitafutie umeme wake. Kofi Annan, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, akajaribu kuuzungusha, ukamng'okea mkononi. Kompyuta hizo zilipotoka kiwandani mwaka 2007 hazikuwa na mpini tena, na bei ilikuwa imekaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo wewe utategemea paneli ya jua. Jua lipo Mpofi. Shida ni mvua, nayo ipo, na ikianza kupiga mabati ya darasa hata fanfari ya kanisa la Wakimbangu haisikiki. Siku hiyo andika kwenye daftari la maandalio: “Somo: midundo.”

Sasa programu. Ipo moja iitwayo TamTam, iliyoundwa kwa ajili ya kompyuta hizohizo na kikundi cha Jean Piché wa Chuo Kikuu cha Montréal. Mtoto anabonyeza herufi, inalia ngoma. Anabonyeza nyingine, kinalia kitu kingine. Jina lenyewe ndilo Wafaransa walilozoea kuiitia ngoma ya kwetu. Yaani ngoma imesafiri hadi Kanada, imerudi ndani ya fleshi, na watoto 60 wanapanga foleni waiguse kwa kidole kimoja. Wagawe: mmoja abonyeze, watano watazame, waliobaki wakae nyuma wanyamaze.

Hapo ndipo penye kazi, maana hawatanyamaza. Hii ni nchi ya Wanyanga na Wahunde. Mwaka 1956 Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, alimtolea mtafiti Daniel Biebuyck utenzi wa shujaa Mwindo kwa siku 12, akisimulia, akiimba, akicheza, huku vijana wakigonga ufito mkavu kwa vijiti. (Biebuyck alikuwa na kalamu na daftari la kunakilia, na mkono, nadhani, ulimuuma.) Hakuna aliyeulizia chaja.

Basi wa nyuma wataanza na kalamu juu ya dawati, taratibu, kama wanaokuibia. Mwingine atajibu kwa kisigino. Msichana mmoja ataingiza sauti ya pili aliyoiokota kwenye kwaya Jumapili, na aliyeshika kompyuta ataiacha ageuke. Wakati huo betri itakuwa imebaki asilimia 11. Usigombe. Chukua kompyuta, ipeleke benchi la nyuma, bonyeza kitufe cha kurekodi, kisha wewe mwenyewe ndiye unyamaze.

Mkaguzi akija, mchezee faili hiyo hadi mwisho, betri ikiruhusu. Akiuliza ni chombo gani hicho kinacholia vizuri namna hiyo, na umekipakua wapi, mwonyeshe dawati.